Kizimba Madhubuti si Dawa ya Mbwa Mwenye Hofu

Kwenye lango la nyumba yangu mjini Nakuru pametundikwa kibao cha "Mbwa Kali". Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na sarufi ya kibao hicho hunikera kila nipitapo. Siku hizi nina kinyongo kingine nacho. Si sarufi pekee iliyopotoka humo, bali hata habari yenyewe. Mbwa wangu Simba hakuwa mkali. Alikuwa mwenye hofu, nami sikuutambua ukweli huo hadi mwaka mzima ulipopita.

Nilipewa Simba na mwalimu mwenzangu aliyehamishwa. Nikamfuga kama tufugavyo wengi wetu mijini: mchana kizimbani, usiku uwanjani alinde mali. Kizimba cha kwanza kilikuwa cha mbao. Alikitafuna kwa siku tatu. Cha pili nikakizungushia mabati, naye akachimba ardhi akatokea chini yake. Cha tatu nilikwenda kwa fundi wa jua kali, akanichomelea nondo na wavu wa chuma, kisha akakipigapiga kwa nyundo akajisifu, "Mwalimu, humu hata chui hatoki."

Jioni ya siku ya pili nilikuta wavu umeraruliwa na kupakwa damu. Simba alikuwa amejikunyata mlangoni pa jikoni, makucha mawili yameng'oka na chonge moja limevunjika nusu. Badala ya kujiuliza ni jambo gani limfanyalo kiumbe ajivunje meno kwenye chuma, nilirudi kwa fundi kuagiza nondo nene zaidi.

Ndipo yakatokea yaliyonifedhehesha. Alasiri moja ya mwezi wa Aprili, mbingu zikinguruma na nyumbani hamna mtu, Simba alizipinda hata nondo hizo, akaupenya ua wa michongoma na kuingia njiani. Mtoto wa jirani alikuwa akitoka shule. Alipomwona alikimbia, naye Simba, kama ilivyo ada ya mbwa, akamfuata. Mtoto alianguka akachanika goti. Namshukuru Mungu kwamba hakuumwa. Usiku ule mama yake alikuja kwangu. Hakufoka wala hakutukana. Alisema tu, "Mwalimu, leo ni goti. Kesho itakuwa nini?"

Sikuwa na jibu. Ushauri, hata hivyo, ulimiminika kutoka kila upande. Huyu alisema nimfunge mnyororo mfupi, yule alisema nimnyime chakula hadi ashike adabu, na wa tatu akanong'ona habari za sumu ndani ya kipande cha nyama. Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikwisha kata tamaa, na nilipomwita daktari wa mifugo nia yangu ilikuwa amdunge sindano ya mwisho.

Daktari alimkagua meno, akakizunguka kizimba, kisha akaniuliza swali moja: "Je, amewahi kukivunja mkiwapo nyumbani?"

Nilifikiri sana. Hakuwahi hata mara moja.

"Basi shida yake si ukorofi," akasema. "Anaogopa upweke, na anaogopa ngurumo. Ukimfungia na hofu yake, chuma hakimpi utulivu. Humpa tu kitu cha kumvunja meno. Na kila anapofaulu kutoka, hujifunza kuwa kuvunja ndiyo njia."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tangu siku ile nimesoma mengi. Hofu ya mbwa kuachwa peke yake ni maradhi yanayotambuliwa na matabibu wa wanyama. Huko Marekani dawa ya kuwasaidia mbwa wa namna hii, iitwayo klomipramini, iliidhinishwa mwaka 1998, na hutolewa sambamba na mafunzo. Nilisoma pia majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier, yaliyochapishwa mwaka 1967. Mbwa waliopigwa shoti za umeme bila njia ya kuziepa, wengi wao walipofunguliwa njia baadaye hawakujaribu kutoka. Walilala tu wakilia. Habari hiyo ilinikosesha usingizi, kwa maana huo ndio utulivu niliokuwa nikimtakia Simba wangu. Mbwa anayenyamaza kizimbani si lazima awe ametulia. Yamkini amekata tamaa.

Tulianza upya. Mlango wa kizimba uliachwa wazi, na chakula chake kikawekwa humo ndani. Akaingia na kutoka apendavyo. Baada ya majuma kadhaa tuliufunga kwa dakika moja, mmoja wetu akiketi karibu, kisha mbili, kisha tano. Alipoanza kuhema na kukwaruza tulirudi nyuma hatua moja. Kila asubuhi kijana wangu alimkimbiza hadi achoke, na wingu lilipotanda aliingizwa jikoni kwa watu. Kwa muda huo wote tulihakikisha haachwi peke yake. Ilitugharimu miezi minne na uvumilivu mwingi, na sitadanganya kwamba amepona kabisa. Radi ikipiga bado hutetemeka. Lakini hajavunja kitu tangu wakati huo, na hulala kizimbani kwa hiari yake, mlango ukiwa wazi.

Hata hivyo, huruma kwa mbwa isitusahaulishe haki ya jirani. Fedha nilizokuwa nikimpelekea fundi nilizitumia kujenga ukuta wa mawe badala ya ua. Simba hupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huo ukishadhihirisha dalili kwa binadamu karibu hauna tiba. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia. Sheria zetu zinagusa pande zote mbili: Sura ya 365 inahusu kichaa cha mbwa, na Sura ya 360 inakataza ukatili kwa wanyama. Mfugaji mwema hana budi kuziheshimu zote.

Katika ualimu wangu nimeona shule zikiinua ua kila mwanafunzi anapotoroka, pasi na mtu kumuuliza anakimbia nini. Nami nililifanya kosa hilohilo kwa mbwa, mara nne, kwa gharama yangu na kwa damu yake.

Mtoto wa jirani sasa humrushia Simba mpira kupitia langoni, mama yake akimtazama. Kile kibao nimekiacha pale pale kwa ajili ya wezi.