Simu Haipatikani, Roho Juu

Umempigia mwenzi wako, simu haipatikani. Dakika kumi baadaye umeshamzika, au umeshamfumania. Je, kinachokutesa ni simu iliyozimika, au ni kile unachokitazama kichwani mwako?

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mume wangu alikuwa njiani anarudi Dar kutoka Mbeya, alikokwenda kikazi. Mchana basi liliposimama Iringa alinipigia, tukacheka, akasema, "Nikifika Morogoro nitakutwangia, mpenzi." Kwa hesabu zangu, mpaka saa kumi na mbili angekuwa ameshafika Morogoro. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja na nusu nikapiga mimi. Namba haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikatuma ujumbe wa WhatsApp, tiki moja.

Basi bwana, hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Kwanza niliona basi limepinduka. Hakuna aliyeniambia kitu, sikusikia habari yoyote redioni, lakini mimi niliuona ule mteremko wa Kitonga, nikaona vioo, nikaona viatu vya watu barabarani. Mikono ikawa baridi, tumbo likakata. Nikaanza hata kupanga msiba: nimwambie nani kwanza, mama yake au kaka yake?

Ilipofika saa tatu, picha ikabadilika. Kama ni ajali, si tungeshasikia? Basi kazima mwenyewe. Na kwa nini azime? Nikamkumbuka dada mmoja wa ofisini kwao anayependa kumtania. Hofu yote ikageuka hasira. Nikachukua simu, nikamwandikia yule dada: "Samahani, uko na mume wangu?"

Akajibu baada ya dakika chache: "Hapana dada. Niko nyumbani, mtoto ana homa. Kwani kuna tatizo?"

Mume wangu aliingia saa tano kasoro robo, kachoka, vumbi tupu, mkononi ana mfuko wa mchele wa Kyela. Basi lilipata pancha Mikumi, chaji ilikwisha, na chaja kaisahau gesti. Sikumpa hata pole ya safari. Nilimwuliza, "Ulikuwa na nani?" Aliuweka mfuko chini, akanitazama, akaenda kuoga. Jumatatu alipofika kazini alikutana na habari ya meseji yangu. Wiki ile nzima tuliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja.

Kochi moja, watu wawili

Kuna jambo moja ambalo nililifikiria baadaye, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Usiku ule sikuwa peke yangu. Mdogo wangu anayeishi nasi alikuwa amekaa kochi lile lile, anaangalia tamthilia. Anampenda sana shemeji yake. Nilipomwambia simu haipatikani, alisema, "Dada, si chaji itakuwa imeisha?" Akaendelea kula karanga.

Tukio lilikuwa moja: simu haipatikani. Nilipowaza ajali, nilipata hofu. Nilipowaza mwanamke, nilipata hasira. Yeye aliwaza chaji, akapata nafasi ya kumalizia tamthilia. Simu ile ile, usiku ule ule.

Jambo hili si geni. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, mwanafalsafa Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa kule Roma, alifundisha kwamba kinachowavuruga watu si mambo yenyewe bali maana wanayoyapa mambo hayo. Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, aliona kitu cha namna hiyo kwa wagonjwa wake. Kabla ya huzuni au woga kuwavamia, kulikuwa na wazo fupi linalopita haraka sana, kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hakulitilia maanani. Alichokibaki nacho ni hisia. Beck akajenga tiba ya kumsaidia mtu alikamate lile wazo na kulihoji, na mpaka leo tiba hiyo inatumika sehemu nyingi duniani.

Na kwa nini wazo langu lilikimbilia mwanamke, siyo chaji? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kabla sijaolewa niliwahi kuachwa na mtu aliyekuwa na tabia ya kuzima simu wikiendi. Mume wangu alikuwa analipa deni la mtu mwingine.

Kiswahili kinajua

Ukitaka kujua kwamba wazee wetu waliliona hili, sikiliza tunavyoongea. Mtu akikonda, halali, hana raha, tunasema, "Ana mawazo." Hatusemi ana matatizo, tunasema ana mawazo! Zimbabwe nako, kwa Kishona, wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na wanalitumia kwa mtu ambaye roho yake imeelemewa. Daktari Dixon Chibanda wa huko aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye hali hiyo. Bibi humsaidia mtu kuchagua tatizo moja tu kati ya mengi na kutafuta hatua ya kulishughulikia. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kumbe mtu hatolewi kwenye mawazo kwa kuambiwa "usiwaze." Anatolewa kwa kupewa kitu kingine cha kukitazama.

Ukimfukuza dubu, anarudi

Wengi wetu mtu akiwa na wasiwasi tunamwambia, "Achana nayo hiyo, usiifikirie." Ushauri mzuri, ila haufanyi kazi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake kule Marekani waliwaomba wanafunzi wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe, na kila anapowajia wapige kengele. Kengele zililia zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo.

Kwa nini? Kwa sababu ili uhakikishe humfikirii dubu, lazima sehemu ya akili yako iwe mlinzi anayemtafuta dubu. Mlinzi huyo ndiye anayemleta.

Mimi mlinzi wangu alikuwa simu. Usiku ule niliifungua WhatsApp mara ngapi sijui. Kila nikiona tiki moja, moyo unaruka. Naiweka chini, natulia nusu dakika, mkono unairudia. Nilidhani natafuta amani, kumbe nilikuwa naulisha wasiwasi kijiko kwa kijiko. Na mwili hausubiri ushahidi: ukiitazama ajali kichwani, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Halafu unasema, "Mbona moyo unanidunda hivi? Lazima kuna jambo." Mwili unamwogopesha mwenye mwili.

Utafiti mwingine ulinigusa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, saa yoyote ya siku: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya wakati, akili zao zilikuwa mahali pengine tofauti na walichokuwa wakikifanya. Na akili inapozurura, furaha ya mtu huwa pungufu. Hata alichokuwa anakiwaza kilieleza furaha yake kuliko alichokuwa anakifanya. Jiulize, mara ngapi umekula chakula kizuri na mtu unayempenda, huku kichwani uko kwenye marejesho ya mkopo?

Ninachofanya sasa

Sisemi kwamba nimekuwa malaika. Lakini yako mambo manne ambayo yamenisaidia, nami nakupa ujaribu.

Tenga tukio na hadithi. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika kile ambacho kamera ingekiona: "Simu haipatikani tangu saa moja." Kulia andika hadithi yako: "Ana mwanamke." Ukimaliza, tafuta hadithi nyingine mbili zinazoweza kuelezea tukio hilo hilo. Utashangaa upande wa kushoto ulivyo mfupi.

Jiulize: kuna la kufanya? Kama lipo, lifanye. Usiku ule ningeweza kupiga ofisi ya basi, namba ilikuwa kwenye tiketi aliyonitumia picha. Sikupiga, maana nilikuwa bize na kuogopa. Kama huna la kufanya, basi kuendelea kuwaza siyo kumsaidia mtu, ni kujichosha.

Uwekee wasiwasi miadi. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walielezea njia hii mwaka 1983: chagua muda mmoja wa siku, nusu saa, mahali pamoja. Wazo likija saa tano asubuhi ukiwa kazini, usipigane nalo. Liandike, liambie tutaonana saa kumi na mbili jioni. Mimi nakaa kibarazani na daftari. Mara nyingi muda ukifika, nusu ya niliyoyaandika nayaona hayana hata uzito.

Ipe mikono kazi. Usikae ukiusukuma wasiwasi, geukia kitu kinachohitaji macho yako: kuna nazi, pasi nguo, cheza na mtoto. Wazo litarudi, na wewe utarudi kwenye nazi. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe.

Tulichokubaliana chumbani

Baada ya ile wiki ya ukimya, mume wangu ndiye aliyeanza. Akasema, "Kilichoniuma siyo swali. Kilichoniuma ni kwamba ulishanihukumu kabla sijafungua mlango." Nami nikamwambia habari ya yule mtu wa wikiendi, jambo ambalo sikuwahi kumweleza. Tukaongea mpaka usiku wa manane.

Kisha nikamwuliza kwa nini hakuazima simu ya abiria mwenzake. Akacheka kwa aibu: "Namba yako siijui kwa kichwa." Nami nikajikuta siijui yake! Usiku ule tulikaririshana namba kama watoto wa darasa la kwanza. Yule dada wa ofisini nilimpigia mwenyewe, nikamwomba radhi na kumwulizia hali ya mtoto. Haikuwa rahisi, lakini deni lilikuwa langu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sikwambii ujifanye kipofu. Kama upande wa kushoto wa karatasi yako umejaa mambo uliyoyaona kwa macho, hilo ni tatizo la kuzungumzwa na mwenzako. Na kama wasiwasi hauondoki kwa wiki nyingi, hulali, huli, kazi zinakushinda au unawaza kujidhuru, usijitibu na makala ya gazeti. Nenda hospitali, ongea na daktari au mshauri nasaha. Wasiwasi wa namna hiyo ni ugonjwa kama mwingine, na unatibika.

Mwezi uliopita alisafiri tena, safari hii Mwanza. Saa mbili usiku simu haikupatikana. Moyo ukaruka, siwezi kukudanganya. Nikaandika kwenye karatasi, nikaiweka simu juu ya kabati, nikaingia jikoni kukuna nazi. Wali ulikuwa unakaribia kuiva simu ilipolia kwa namba nisiyoijua.

"Mke wangu, naongea kwa simu ya jirani yangu kwenye siti. Yangu imezima. Ulikuwa na wasiwasi?"

"Kidogo," nikamwambia. "Pole na safari."