Nyimbo Zetu Kwenye Kompyuta: Jinsi ya Kuzipanga kwa Programu ya Bure

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu unahusu pia nyimbo tulizohifadhi kwenye kompyuta.

Mwaka jana familia ya marehemu mwalimu wa kwaya ilifika ofisini kuomba nyimbo alizotunga, ili zipigwe siku ya kuweka msalaba. Nyimbo zilikuwepo, kwani kaseti za kwaya zilikwishaingizwa kwenye kompyuta. Lakini mafaili yaliitwa "Wimbo 01", "Mpya" na "Mpya kabisa". Tulikaa siku mbili tukisikiliza moja baada ya nyingine. Baadhi tulizipata. Ule ambao mjane aliutaja kwa jina hatukuupata.

Lebo ni nini?

Faili la muziki hubeba ndani yake maandishi yanayoitwa lebo: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka na mtunzi. Kwa mafaili ya MP3, mfumo wa lebo uitwao ID3 ulianza mwaka 1996. Toleo la kwanza lilitoa nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, ndiyo maana baadhi ya mafaili ya zamani huonyesha majina yaliyokatwa. Toleo la pili, la mwaka 1998, liliongeza nafasi hata ya picha ya jalada.

Programu ya Picard

MusicBrainz Picard ni programu ya bure na huria, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inasimamiwa na MetaBrainz, taasisi ya Marekani isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo hutunza orodha kubwa ya muziki inayojazwa na watu wa kujitolea duniani kote.

Picard hutafuta wimbo kwa njia mbili. Kwanza, husoma lebo zilizopo na kuzilinganisha na orodha hiyo. Pili, husikiliza sauti yenyewe na kutengeneza alama yake, mfano wa alama ya kidole. Kinachotumwa kwenye intaneti ni alama hiyo ndogo, si wimbo mzima, hivyo kifurushi hakiishi haraka.

Hatua za kufuata

1. Nakilini nyimbo zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Picard ikishahifadhi lebo mpya, za zamani hazirudi.
2. Anzeni na folda moja ndogo.
3. Kagueni kabla ya kuhifadhi. Sehemu ya chini ya dirisha huonyesha lebo ya zamani na mpya kwa pamoja.
4. Mkiridhika, washeni chaguo la kubadili majina ya mafaili na kuyahamisha. Programu itapanga folda kwa mwimbaji na albamu.

Nyimbo za kwaya zetu

Programu hutambua tu kile ambacho mtu amekwisha kukiingiza kwenye orodha. Kwa hiyo msitarajie iitambue kwaya ya mtaa iliyorekodi kaseti moja miaka ya tisini. Lebo za nyimbo hizo tutaziandika wenyewe, kwa Picard, kwa Kid3 au kwa Mp3tag, ambayo ni ya bure kwa watumiaji wa Windows. Kazi hiyo haihitaji intaneti.

Kubalianeni kwanza jinsi ya kuandika jina la kila kwaya. "Kwaya ya Vijana" na "Vijana Kwaya" kwa kompyuta ni kwaya mbili. Wala msiache nafasi ya mtunzi wazi, kwani hapo ndipo haki yake inapolindwa. Anayependa anaweza kujiandikisha bure MusicBrainz na kuingiza taarifa za kwaya yake, ili zitambulike kokote.

Gharama

Wafadhili wetu wangependa kujua gharama. Programu hailipiwi. Kinachohitajika ni diski ya nje, kifurushi kidogo cha intaneti na muda wa mtu makini.

Tunaziomba kamati za sharika zimteue kijana mmoja wa kazi hii, na akae na wazee wa kwaya wangali wanakumbuka nani alitunga nini. Programu inaweza kusubiri, lakini wazee hao hatutakuwa nao siku zote.