Mafuta ya karafuu: Nafuu kwa jino, hatari kwa mtoto

Jino likianza kuuma usiku wa manane na duka la dawa limefungwa, wengi wetu hukimbilia karafuu jikoni. Je, tiba hii ya nyanya zetu ina ukweli wowote, ama ni mazoea tu?

Ukweli upo. Karafuu ni tumba la ua la mkarafuu, ambalo huchumwa kabla ya kuchanua na kuanikwa juani. Asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, Indonesia, lakini tangu karne ya 19 umestawi sana Unguja na Pemba.

Mafuta yake hupatikana kwa kukenekwa. Mvuke hupitishwa kwenye karafuu, majani au makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mvuke huo ukipozwa, mafuta hujitenga na maji.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo, aghalabu zaidi ya asilimia 70, ni kemikali iitwayo yujenoli. Hiyo ndiyo inayotia ganzi na kuua viini. Hata madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Hata hivyo, mafuta haya ni makali. Yakipakwa yalivyo, huweza kuunguza ufizi. Mtu mzima anayetaka kuyatumia achanganye tone moja na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia, achovye pamba kidogo, aiweke kwenye jino kwa muda mfupi kisha aitupe. Asimeze.

Mtoto anayeota meno asipakwe kamwe. Kijiko kimoja au viwili tu vya chai vimewahi kumtia mtoto mdogo degedege, kumpotezea fahamu na kuharibu ini lake. Kwa hivyo, mzazi, ifungie chupa hiyo kabatini pamoja na dawa nyingine. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja na uibebe chupa, daktari aione.

Tena kumbuka kwamba ganzi si tiba. Maumivu yakitulia, shimo lingali pale pale na uozo unaendelea chini kwa chini. Karafuu ikuvushe usiku tu. Kukipambazuka, nenda ukamwone daktari wa meno.