Kati ya Shimo na Shimo

Mwaka 2013 watafiti walichapisha hesabu ya kaboni iliyomo katika msitu wa Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani ukishuka na mto Kongo. Walipima unene wa miti kwenye viwanja vya sampuli, kisha wakapima na urefu wake. Kazi hiyo ya pili wengi huiruka, kwa sababu ndani ya msitu mnene kilele hakionekani vizuri ukiwa chini, na fomula zipo: mti wenye unene huu hukadiriwa kuwa na urefu huu. Huko Yangambi ilionekana kuwa fomula bora zilizokuwapo za Afrika ya Kati hazifai, maana miti yake ni mifupi kuliko ile ya pembezoni mwa bonde la Kongo. Ungezitumia, kaboni ingezidishwa kwa asilimia 24. Wao walipata wastani wa tani 162 za kaboni iliyo juu ya ardhi kwa hekta, kukiwa na nafasi ya kupungua au kuongezeka kwa tani 20.

Asilimia 24 hiyo hunijia akilini kila redio inapotangaza kwamba mahali fulani pamegunduliwa tani kadhaa za urani. Urani iliyo ardhini haijapimwa na mtu yeyote kwa mizani. Imekadiriwa kutokana na mashimo ya kuchoronga, na sehemu kubwa ya tani hizo iko kati ya shimo na shimo, mahali ambapo mashine haikufika.

Chukua mfano wa kufikirika. Shimo moja linakutana na tabaka la mawe ya mchanga lenye unene wa mita 5, lenye gramu 300 za oksidi ya urani kwa kila tani ya mwamba. Ikiwa mashimo yamepangwa kila baada ya mita 100, kila shimo linasemea eneo la mita 100 kwa 100. Zidisha kwa unene, kisha kwa tani 2 kwa kila mita ya ujazo: unapata tani 100,000 za mwamba, na ndani yake tani 30 za oksidi. Sasa yatenganishe mashimo kwa mita 200. Shimo lilelile, ambalo tundu lake halifiki hata upana wa sahani, linasemea tani 120. Mwamba haujaongezeka, ni dhana tu iliyotandazwa kwenye eneo pana zaidi.

Mbaya zaidi, hizo gramu 300 nazo mara nyingi hazikupimwa moja kwa moja. Kifaa cha kupima mionzi ya gama huteremshwa shimoni kwa kebo, kikiandika usomaji wake hatua kwa hatua. Lakini sehemu kubwa ya mionzi hiyo haitoki kwenye urani yenyewe, hutoka kwa vizalia vyake, yaani elementi zinazozaliwa urani inapovunjika yenyewe, hasa bismuthi. Maji yenye oksijeni yakiwa yameichukua urani na kuipeleka kwingine, vizalia hubaki nyuma vikipiga kelele, na kifaa kitaonyesha utajiri uliokwisha kuhama. Ndiyo maana vipande vya mwamba hutolewa na kupelekwa maabara, na kampuni isiyofanya hivyo haistahili kuaminiwa.

Tazama hazina ya urani iitwayo Nyota, kwenye mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Tanzania. Mwaka 2010 makadirio yalikuwa ratili milioni 101 za oksidi, na mwaka 2011 yakafika milioni 119. Ardhi ni ileile. Kilichobadilika ni kile watu walichokijua kuihusu. Makadirio yanaweza pia kubadilika bila kuchoronga hata shimo moja: bei ikishuka, kampuni hupandisha kiwango cha chini cha mwamba unaofaa kuchimbwa, na tani nyingi hutoka kwenye daftari.

Kuhusu umbali wa shimo na shimo, hatua kubwa ilianzia Afrika. Mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, alionyesha kuwa sampuli tajiri huwadanganya wapimaji ikiachwa isemee eneo lake peke yake. Lazima ipimwe pamoja na jirani zake. Mfaransa Georges Matheron akaligeuza wazo hilo kuwa hisabati kamili na kuiita njia hiyo kwa jina la Krige.

Lakini hisabati hiyo inahitaji kujua ujirani unafika wapi, na hilo ni mwamba wenyewe unaoamua. Nyota ni matabaka yaliyotandazwa, kwa hiyo mashimo mawili yaliyoachana yanaweza kusimulia habari moja. Shinkolobwe, huko Katanga, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915 na baadaye ikatumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya atomiki, ni mishipa na mifuko iliyojibana ndani ya mwamba, yenye utajiri usio na mfano. Pale shimo likikosea mita chache, linapita pembeni na kuleta mawe matupu. Fomula ya nafasi iliyofaa Nyota, ukiipeleka Katanga, itakosea kama zile fomula za urefu wa miti zilivyokosea Yangambi, na hakuna atakayejua mpaka mtu aende achoronge pale katikati.