Meli Zinazoipa Bahari Kisogo

Wengi wetu tuliozaliwa bara, mbali na mawimbi, tumezoea kuamini kwamba mtu aliyebahatika kusafiri katika meli kubwa ya anasa huitazama bahari tangu macheo hadi machweo. Ndugu msomaji, mambo sivyo yalivyo. Katika baadhi ya meli mpya za watalii, mtu aweza kushinda kutwa akila, akiogelea, akitazama michezo na kutembea bustanini, asiyaone maji ya chumvi hata mara moja, ila awe amekusudia kuyatafuta.

Hebu tuanze na meli ya zamani kidogo, ambayo sisi askari twaikumbuka kwa sababu zetu. Meli hiyo ni Canberra ya Uingereza, iliyoundwa Belfast na kuanza safari mwaka 1961. Waliomchora walifanya jambo la busara: mashua za kuokolea, ambazo katika meli nyingi za wakati ule zilining'inizwa juu kabisa, waliziteremsha chini ubavuni, na sitaha za juu zikabaki wazi kwa abiria na upepo. Tarehe 7 Aprili 1982 Canberra alirejea Southampton akiwa na watalii. Siku mbili tu baadaye aling'oa nanga akiwa na askari zaidi ya 2,000, akielekea vitani katika visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Viwanja viwili vya helikopta vilijengwa upesi, kimoja kikiwa juu ya bwawa la kuogelea. Nayo sitaha ya matembezi, ambako wazee walikuwa wakinyoosha miguu baada ya chai, iligeuka kuwa uwanja wa mbio. Askari waliizunguka siku baada ya siku kwa buti zao, hata walipofika maji ya San Carlos mwezi wa Mei miili yao ilikuwa haijalegea.

Sisi tuliopita katika chuo cha maofisa wanafunzi, ambako mbio hutangulia chai kila alfajiri, twaijua thamani ya kitu kile: njia moja iliyo wazi, inayokizunguka chombo kizima toka omo hadi tezi, isiyo na mlango wala bawabu, bahari ikiwa upande mmoja muda wote.

Njia ya namna hiyo sasa ni adimu. Sababu ya kwanza ni hesabu tupu. Meli ikiongezwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, nafasi ya ndani huongezeka upesi kuliko kingo zake. Ni kama mkate: ukiuoka mkubwa zaidi, sehemu laini ya ndani huzidi mno kuliko ganda. Na katika meli, ganda ndilo lenye dirisha. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365 hivi, ujazo wa zaidi ya tani 248,000 na sitaha 20. Ikijaa kabisa hubeba abiria wapatao 7,600. Watu wote hao hawawezi kupewa ukingo, hata wakipangwa bega kwa bega.

Wahandisi walilijibu swali hilo kwa ujasiri ambao hatuna budi kuusifu. Mwaka 2009 ilitoka Turku, Finland, meli iitwayo Oasis of the Seas, ambayo majengo yake ya juu yamepasuliwa katikati kama andazi. Katika ufa huo, chini ya anga tupu, ipo bustani yenye urefu wa karibu mita 100, yenye miti ya kweli na mimea zaidi ya 12,000. Vyumba vya katikati vikapata roshani. Lakini mwenye roshani ile atokapo asubuhi na kikombe chake cha kahawa, huona majani na vioo, na ng'ambo ya pili humwona jirani yake, naye ana kikombe. Bahari iko nyuma ya jirani. Twakiri kwamba kazi ile ni ya fundi hodari. Tunachouliza ni kwa nini mtu avuke bahari ili akatazame ua wa nyumba ya ghorofa.

Sababu ya pili ni fedha. Mwaka 1984 meli iitwayo Royal Princess ilifunguliwa, nayo vyumba vyake vyote vilipangwa kandokando, kila abiria apate kuiona bahari, na vingi vikapewa roshani. Lilikuwa wazo la heri. Makampuni yakagundua kwamba abiria yu tayari kulipa zaidi, tena zaidi sana, kwa meta chache za hewa. Katika miaka ya 1990 na baada yake roshani zikaenea ubavu mzima wa meli. Tulipata kusimama Mombasa, nje ya bandari, tukaitazama meli moja ya watalii iliyotia nanga: ubavu wake ulikuwa kama sega la nyuki, tundu juu ya tundu, na karibu kila tundu lilikuwa na kiti kitupu. Kilichokuwa cha wote kilikuwa kimekatwakatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja.

Na asiye na uwezo wa kununua tundu? Huyo hupewa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mwaka 2011 meli iitwayo Disney Dream iliwawekea watu wa vyumba hivyo kioo cha mviringo mfano wa dirisha la meli, ambamo huonyeshwa picha za bahari zinazopigwa saa ileile na kamera zilizo nje. Baadaye kampuni nyingine ikaweka kioo kirefu kutoka sakafuni hadi darini. Basi abiria hulala mita chache tu toka bahari yenyewe, akiitazama katika televisheni.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba zamani bahari ilikuwa ya kila mtu. Katika Titanic, mwaka 1912, abiria wa daraja la kwanza walikuwa na sitaha ndefu za kutembelea, na wale wa daraja la tatu walitengewa sehemu za mbele na nyuma, karibu na winchi na minyororo. Mabaharia nao, tangu siku zile hadi leo, wengi hulala chini, na wakipewa mahali pa kupunga hewa huwa ni kipande kidogo. Lakini tofauti moja ipo. Siku zile mipaka ya sitaha ilifuata daraja la tikiti, na ndani ya daraja lako ulikuwa na wenzako, mkiegemea ukingo mmoja na kuonyeshana pomboo.

Tuseme pia neno juu ya kimo, maana lina elimu yake. Ofisa yeyote aliyefundishwa kusoma ramani ajua kwamba mwenye kilima huona mbali. Mtu ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji huuona upeo wa bahari kwa umbali wa kilometa 5 hivi. Aliye mita 50 juu huona kilometa 25. Kwa hiyo sitaha za juu za meli mpya zina faida ya kweli. Lakini upepo nao hupanda. Meli ikienda mwendo wa kilometa 37 kwa saa dhidi ya upepo wa nguvu hiyohiyo, aliye juu hupigwa na upepo wa kilometa 74, kofia ikaenda na maji. Ndiyo sababu ya kujenga kuta za vioo pande zote, nyuma yake mabwawa na vitanda vya jua, na vitanda hivyo hutazama bwawa. Tena aliye juu hivyo haoni panzi wa bahari akiruka, wala hasikii maji yakipasuka ubavuni. Huona samawati tu, kama ramani iliyotandikwa.

Mwanajeshi huuliza jambo moja zaidi: hatari ikija, watu watapita wapi? Machi 2006, karibu na Jamaika, moto uliozuka katika roshani moja ya meli Star Princess, na ambao wachunguzi walisema huenda ulianzishwa na kipande cha sigara, ulitambaa roshani hadi roshani kwa sababu viambaza vilikuwa vya plastiki. Abiria mmoja alifariki. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu Julai 2008 roshani nazo huhesabiwa kuwa mahali pa kulindwa na moto. Tena usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia ilipolala ubavu huko Italia na watu 32 wakafa, maelfu walikimbilia palepale pa siku zote: sitaha iliyo wazi, penye mashua. Hatujasikia mtu akiokolewa kwa sababu ya bustani.

Wapo waliorudi nyuma kidogo. Mwaka 2013 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilikamilisha Norwegian Breakaway, ambayo migahawa yake kadhaa ilitolewa nje, ikapangwa kando ya njia inayotazama bahari.

Jina la Papenburg si geni katika nchi zetu za maziwa. Miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1913, kiwanda hichohicho kiliunda Graf von Goetzen, kikaifungua vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa reli na kuelea katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 yaitwa Liemba. Urefu wake ni mita 71 hivi. Icon of the Seas yaizidi mara tano. Kwa miaka mingi abiria wa tikiti ya bei ya chini waliketi katika sitaha yake juu ya magunia ya dagaa, kati ya mananasi na watoto waliolala. Meli ilipopiga honi usiku mbele ya kijiji kisicho na gati, mitumbwi ilikuja mbio gizani na taa zake, na watu wote wa sitahani wakasimama ukingoni kutazama ni nani anayeteremka.