Maandiko Yaliyochorwa Ukutani na Kutunzwa Msituni

Belai alikuwa mla watu. Masimulizi ya Wakristo wa Ethiopia yanasema aliua makumi ya wasafiri, na hata jamaa zake hakuwabakiza. Siku moja alikutana na mwenye ukoma aliyekuwa hoi kwa kiu. Maskini yule alimsihi kwa jina la Bikira Maria, na moyo wa Belai ukalegea, akampa maji kidogo. Alipokufa, matendo yake yakatiwa kwenye mizani: upande mmoja wote aliowaua, upande wa pili yale maji. Kwa maombezi ya Maria, maji yakawa mazito zaidi.

Kisa hiki hakimo katika Biblia. Kimo katika Miujiza ya Maria, kitabu ambacho Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, alihimiza kisomwe makanisani. Hata hivyo, anayekisikia hukumbuka upesi Injili ya Mathayo, pale Yesu anapotaja kikombe cha maji baridi anachopewa mmoja wa walio wadogo. Katika Injili ni sentensi moja fupi. Kwa Belai, mdogo huyo ana uso, ana vidonda, ana kiu, na anayempa maji ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Masimulizi ya namna hii yana kazi kubwa Ethiopia, kwa kuwa ibada ya Kanisa la Orthodox inatumia sana Kige'ez, lugha ya kale ambayo hakuna tena anayeizungumza nyumbani. Biblia ilianza kutafsiriwa kwa lugha hiyo baada ya Mfalme Ezana wa Aksum kuupokea Ukristo katika karne ya 4. Muumini asiyeielewa husoma picha za ukutani.

Katika kanisa la Ura Kidane Mehret, kwenye rasi ya Zege, Ziwa Tana, patakatifu pa patakatifu pako katikati ya jengo la mviringo. Makasisi na mashemasi pekee ndio huingia humo, lakini kuta zake za nje zimejaa picha, na muumini huzizunguka akipita kutoka kisa hadi kisa. Wachoraji wana kanuni yao. Mwema huchorwa uso mzima, macho yote mawili yakimwelekea mtazamaji. Mwovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana. Kwenye Karamu ya Mwisho hakuna haja ya kuuliza Yuda ni yupi. Kanuni hiyo ni tafsiri kamili ya Maandiko: dhambi ni kushindwa kumtazama mwenzako usoni.

Kule Gondar, dari la kanisa la Debre Berhan Selassie limejaa nyuso za malaika, safu kwa safu, na kila mmoja ana macho mawili.

Nje ya kuta za kanisa kuna miti. Nyanda za juu za kaskazini zimepoteza sehemu kubwa ya misitu yake kwa kilimo na malisho, lakini kuzunguka makanisa bado inasimama mitarakwa na mizeituni mwitu, na ndege wanapata makao. Ukiwa angani unaviona visiwa vya kijani katikati ya mashamba ya rangi ya udongo. Makasisi hufundisha kwamba msitu ni vazi la kanisa na mfano wa bustani ya Edeni, mahali ambapo mwanadamu aliwekwa ailime na kuitunza. Imani hiyo imeilinda miti hiyo kwa karne nyingi.

Lakini imani hiyo haikuwazuia ng'ombe. Mtafiti wa misitu Alemayehu Wassie aligundua kwamba mifugo inayoingia inazuia miche kukua. Kwa kushirikiana na mwanaikolojia wa Marekani, Margaret Lowman, alikaa na makasisi, wakakubaliana kujenga kuta kuzunguka misitu kwa mawe yanayookotwa mashambani. Mkulima hupata shamba rahisi kulima, na miche hupona. Baadhi ya makasisi wamejenga ukuta mbele zaidi ya mti wa mwisho, ili msitu upate pa kupanukia.