Bibi auza shamba, ukoo wacharuka!

Hivi, msomaji, Katiba umewahi kuitumia? Wengi tunadhani ni kitabu cha wabunge na mawakili. Haya, msikie bibi mmoja wa Kihaya, kule wilayani Muleba.

Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Uzee ukaingia, wa kumtunza hana, basi Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, tena kwa mtu asiye wa ukoo. Lo! Kesho yake tu mwanamume mmoja wa ukoo huyoo, Mahakama ya Mwanzo. Eti mwanamke wa Kihaya hana ubavu wa kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia tu maisha yake yote, kuuza marufuku. Mwanamume aliweza kuuza, ingawa kwa masharti.

Mahakama ya Mwanzo ikataka pesa zirudishwe. Ya Wilaya ikasema hapana, bibi ana haki. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hapo ndipo penye utamu. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, ila serikali ikajipa muda wa kurekebisha sheria zake, na mpaka Machi 1988 hukuweza kuzidai mahakamani. Bibi kauza miezi mitano baadaye! Februari 1990 Jaji akatamka kwamba ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na mila haiko juu ya Katiba. Mauzo halali. Bwana yule akilitaka shamba, amrudishie mnunuzi laki tatu zake ndani ya miezi sita, basi.

Cha ajabu, wakati huo neno "jinsia" halikuwemo kwenye orodha ya ubaguzi uliokatazwa. Liliongezwa mwaka 2000. Jaji hakulisubiri.

Lakini msishangilie sana, dada zangu. Wajane wawili waliotimuliwa na wakwe walizishtaki sheria hizo hizo za mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba zinabagua, halafu ikakataa kuzifuta! Wakahangaika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki mwaka 2015. Miaka yote hiyo, nyumba wanazo wakwe.